Kompyuta Inapokwenda kwa Fundi: Mashine Hurudi, Kumbukumbu Je?

Mwaka 2018 nilikuwa katika Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, nikikusanya habari juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa kuwamo mkoani humo mwaka 2006. Kwa muda wa miezi saba nilipita shamba kwa shamba, kuanzia Nkwenda hadi karibu na Murongo, nikiuliza kila mkulima aliona lini dalili ya kwanza, aling'oa mashina mangapi, na alipanda nini badala yake. Majibu mengine niliyaandika katika karatasi, lakini mengi niliyaingiza moja kwa moja katika kompyuta yangu ya mpakato, nikijiona mtu wa kisasa.

Jioni moja ya masika mashine hiyo ilizimika na haikuwaka tena. Ilikuwa bado ndani ya mwaka wa dhamana, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Niliifunga vizuri katika boksi, nikaikabidhi kwenye basi, ikasafiri hadi kwa wakala wa mtengenezaji Dar es Salaam. Baada ya wiki tano ilirudi. Iliwaka mara moja, tena kwa wepesi kuliko zamani. Lakini ilikuwa tupu kama siku niliyoinunua.

Nilipopiga simu, fundi alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, ubao mkuu na diski vimebadilishwa vyote viwili bila malipo. Mashine yako ni nzima."

"Na maandishi yangu?"

"Hayo hayamo katika dhamana, mwalimu. Tazama nyuma ya stakabadhi."

Nikatazama. Yalikuwa yameandikwa hapo, kwa herufi ndogo, na chini yake palikuwa na sahihi yangu mwenyewe.

Nilirudi Kyerwa kuuliza upya. Mashamba mengine yalikwisha kung'olewa migomba yote, na mahali pake pamesimama mahindi au mihogo. Habari za mashina yale hazikuweza kupatikana tena. Mama mmoja mzee wa Nkwenda alinikaribisha kwa heshima kama mara ya kwanza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nilikueleza yote mwaka jana. Umeyapeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na nimeyaandika ili msomaji asije akaulizwa swali hilo.

Tatizo la wengi, si la wasomi tu

Kompyuta mpakato si chombo cha chuo kikuu peke yake leo. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, chombo hiki kimeingia kila mahali penye daftari. Karani wa chama cha msingi huweka humo kilo za kahawa alizopokea kwa kila mwanachama. Mwalimu wa sekondari huweka maksi za wanafunzi na mitihani ambayo haijafanywa. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huweka majina ya wanaodaiwa. Mpiga picha wa Omurushaka huweka arusi za watu ambazo hazitafungwa mara ya pili.

Lakini fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji yuko mbali. Kutoka Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mashine yenye dhamana hupita katika mikono ya mpokeaji mizigo, ya wakala, ya fundi, pengine ya mafundi wawili au watatu, kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo maswali mawili yanavyokuwa mazito: Je, kumbukumbu zangu zitarudi? Na je, nani atazisoma zikiwa njiani?

Mashine na kumbukumbu ni vitu viwili

Ili kuelewa jambo hili hatuna budi kutenga vitu viwili ambavyo macho huviona kuwa kimoja. Kompyuta ni chombo: ina ubao mkuu, prosesa inayokokotoa, kioo, betri na kibodi. Kumbukumbu ni maandishi yaliyowekwa ndani ya sehemu moja tu ya chombo hicho, yaani diski. Uhusiano wao ni kama ule wa ghala na kahawa iliyomo. Seremala anaweza kulitengeneza ghala likawa zuri kabisa huku kahawa ikiwa imetupwa nje ili apate nafasi ya kufanya kazi.

Diski za kwanza zilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa mitambo mikubwa yenye sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimeta 61, na yote kwa pamoja iliweza kuhifadhi herufi milioni tano tu. Diski ya sumaku ya siku hizi hufanya kazi kwa kanuni ile ile: sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Mashine ikidondoka wakati sahani zinazunguka, kichwa huweza kuikwaruza sahani, na kila kilichoandikwa mahali hapo huwa kimekwenda.

Kompyuta nyingi mpya hazina sahani. Zina vipande vya kielektroni vinavyohifadhi chaji za umeme katika vyumba vidogo sana, uvumbuzi unaotokana na kazi ya mhandisi Mjapani Fujio Masuoka katika miaka ya 1980. Diski za namna hii hazina kinachozunguka, kwa hiyo hustahimili mtikisiko wa barabara za udongo vizuri zaidi. Hata hivyo zina tabia mbaya ya kufa ghafla bila kutoa ishara, tofauti na diski ya sumaku ambayo mara nyingi hugonga au kukwaruza kwanza, kama gari bovu linavyolia kabla ya kusimama. Tena katika kompyuta nyingine nyembamba vipande hivyo huunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Ubao ukifa, diski haiwezi kuchomolewa ikapelekwa kwingine.

Nchi yetu ina somo lake la zamani juu ya jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matatizo yaliyozikumba hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mitambo hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia amri ya mwaka 1974 ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo iliondolewa zamani, na hakuna anayetaka irudi. Lakini funzo lake limebaki: mashine mpya hununuliwa dukani, hesabu zilizovurugika haziuzwi mahali popote.

Dhamana hulinda nini?

Mnunuzi wengi hudhani kwamba dhamana ni ahadi ya kurudishiwa kila kitu kama kilivyokuwa. Sivyo. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha sehemu mbovu za chombo. Masharti yake kwa desturi husema wazi kwamba mteja ndiye anayewajibika kutoa nakala ya kumbukumbu zake kabla ya kuikabidhi mashine, na kwamba mtengenezaji hatalipia kilichopotea.

Hili si lazima liwe ukatili. Kiwanda hakiwezi kujua thamani ya maandishi ya kila mtu. Tena kazi ya matengenezo imebadilika. Fundi wa zamani alitafuta kipande kilichoungua akakibadilisha hicho tu. Fundi wa kituo cha mtengenezaji aghalabu huondoa ubao mzima au diski nzima, kwa kuwa ni haraka na ni rahisi kwake. Diski ikibadilishwa chini ya dhamana, ile ya zamani mara nyingi huwa mali ya mtengenezaji, nayo hairudi. Kampuni kama Dell, HP na Lenovo huuza huduma ya ziada inayomruhusu mteja kubaki na diski yake, na hasa huwalenga wateja wa maofisi. Kuwapo kwa huduma hiyo kwatosha kutuonyesha kwamba bila kuilipia diski huenda zake.

Hata pale diski isipokuwa mbovu, fundi huweza kuifuta na kuweka programu upya ili ahakikishe kwamba kosa limekwisha. Kwake yeye hiyo ni hatua ya kupima mashine. Kwa karani wa chama cha msingi ni msimu mzima wa kahawa.

Kufuta si kuangamiza

Yapo mambo mawili yanayoonekana kupingana, na yote mawili ni kweli: kumbukumbu unazozitaka hupotea kwa urahisi, na zile usizozitaka hazipotei kwa urahisi.

Ukifuta barua katika diski ya sumaku, mashine haiifuti barua yenyewe. Huondoa tu jina lake katika orodha. Ni kama mtendaji anayelikata jina la mtu katika rejista ya kijiji huku nyumba ya mtu huyo ingali imesimama katikati ya migomba yake. Anayeijua njia atafika. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizokwisha kutumika. Katika 129 zilizokuwa zikifanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilitoa barua, habari za fedha na habari za tiba za watu wasiojua kwamba siri zao zinauzwa sokoni.

Katika diski zisizo na sahani hali ni tofauti kidogo. Mashine ikikwisha kuarifiwa kwamba maandishi fulani hayatakiwi, huvisafisha vyumba vyake polepole kwa wakati wake yenyewe. Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya ana tumaini dogo la kurudishiwa, na anayeuza mashine hana uhakika kamili kwamba kila kitu kimekwisha. Kwa yote mawili dawa ni kujiandaa mapema.

Jicho la mgeni

Mafundi walio wengi ni watu waaminifu, nami nimewajua wengi katika Kayanga na Bukoba walioniokoa bila kunilipisha. Lakini usalama haujengwi juu ya tabia njema ya mtu usiyemjua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walilipima jambo hili. Katika utafiti waliouwasilisha mwaka 2023 walipeleka kompyuta zilizotiwa kosa dogo kwa watoa huduma 16, huku ndani ya mashine mkiwa na mtego wa kuandika kila hatua ya fundi. Kwa watoa huduma sita, mafundi walichungulia mambo ya binafsi ya mwenye mashine, na baadhi yao walinakili walichokiona. Walipopeleka mashine kwa kubadilishiwa betri tu, kazi isiyohitaji kuingia ndani ya programu hata kidogo, karibu wote waliombwa neno la siri.

Hayo yalitokea katika nchi yenye sheria kali na maduka makubwa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba sisi tuko salama zaidi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee na zisifikiwe na asiyehusika. Orodha ya wagonjwa wa zahanati si mali ya mganga; ni amana aliyowekewa na wagonjwa. Kadhalika majina ya wadaiwa wa kikundi, na kadhalika majibu ya yule mama wa Nkwenda. Anayeipeleka mashine kwa fundi ikiwa wazi amepeleka na amana hizo.

Kufuli na ufunguo wake

Dawa ya jicho la mgeni ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Neno la siri la kuwashia mashine peke yake halitoshi: ni kama mlango uliofungwa katika nyumba isiyo na paa. Mtu akichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, hukwepa mlango huo na kusoma yote. Diski iliyosimbwa ikichomolewa huonyesha takataka tupu. Mfumo unaotumika sana katika usimbaji ulitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ukakubaliwa nchini Marekani kuwa kipimo rasmi mwaka 2001. Funguo zake zinazowezekana, hata katika aina iliyo fupi kuliko zote, ni nyingi kuliko tarakimu 34 ikifuatwa na sifuri 37. Hakuna wa kuzijaribu zote.

Lakini kufuli kali humfungia nje hata mwenyewe akipoteza ufunguo. Hapa ndipo wengi wanapoumia baada ya matengenezo. Katika kompyuta zenye programu ya Windows, usimbaji uitwao BitLocker huweka ufunguo wake katika kipande maalumu kilichomo kwenye ubao mkuu. Fundi akibadilisha ubao, kipande kile huenda nao. Mashine ikiwashwa huona kwamba imo katika mwili mgeni, nayo huomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Wengi hawajawahi kuusikia. Kompyuta nyingi mpya huanzisha usimbaji huu zenyewe wakati mtu anapojisajili kwa mara ya kwanza, na ufunguo ule huwekwa katika akaunti yake ya Microsoft. Ikiwa akaunti hiyo ilifunguliwa dukani na muuzaji kwa anwani ambayo hakuna anayeikumbuka, basi diski nzima kabisa, isiyo na kosa lolote, imekuwa jiwe.

Kwa hiyo, msomaji, tafuta leo kama mashine yako imesimbwa. Ikiwa imesimbwa, uandike ufunguo wa dharura katika karatasi na kuiweka mahali unapoweka hati ya shamba. Usiuweke ndani ya kompyuta ile ile.

Akiba inayooza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakasema pia akiba haiozi. Katika kompyuta usemi wa kwanza ni kweli tupu, lakini wa pili una mipaka. Flashi iliyosahauliwa sandukuni kwa miaka huweza kupoteza chaji zake, na diski ya nje hufa kama diski nyingine yoyote. Nakala ambayo haijafunguliwa na kusomwa ni tumaini tu.

Kanuni inayofundishwa na wataalamu wengi ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Ya kwanza ni ile iliyomo katika mashine. Ya pili iwe katika diski ya nje inayounganishwa wakati wa kunakili tu, kisha ikachomolewa, kwa maana virusi vya kompyuta huharibu kila kilichounganishwa. Ya tatu ikae mahali pengine kabisa.

Kwa nini iwe mbali? Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera na kuangusha nyumba nyingi. Mtu aliyeweka kompyuta yake na nakala yake katika chumba kimoja alikuwa na nakala moja tu, hata kama alihesabu mbili. Mwizi naye hubeba mfuko mzima. Nakala ya mbali yaweza kuwa katika intaneti. Na pale ambapo mtandao ni dhaifu au kifurushi ni ghali, yaweza kuwa diski ndogo iliyosimbwa inayokaa kwa ndugu Bukoba na kubadilishwa kila mwisho wa mwezi. Maandishi ya kawaida hayachukui nafasi kubwa: hesabu za mwaka mzima za chama cha msingi huingia katika flashi ya bei ndogo kuliko zote, na kubaki nafasi tele.

Kabla ya kuikabidhi mashine

Siku ya kuipeleka mashine kwa fundi ikifika, na ikiwa bado inawaka, hatua zifuatazo zifuatwe kwa utaratibu.

Kwanza, toa nakala ya kila kitu, na uifungue katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba inasomeka. Usiishie kwenye maandishi. Kumbuka picha, barua pepe zilizohifadhiwa na programu za hesabu zenye mafaili yake ya pekee.

Pili, andika ufunguo wa dharura wa usimbaji, namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na tarehe ya kununua. Tunza risiti. Uliza kama dhamana inatambuliwa nchini, kwani kompyuta iliyonunuliwa nchi jirani au Ughaibuni huenda ikawa na dhamana ya huko tu.

Tatu, ikiwa kosa haliko katika diski na mashine yako inaruhusu kuichomoa, muulize wakala kama utaruhusiwa kubaki nayo. Kosa la kioo, kibodi au chaja halihitaji kumbukumbu zako.

Nne, ikiwa diski haitoki, na nakala mbili umekwisha kuzihakiki, futa kila kitu na uirudishe mashine katika hali ya kiwandani. Usiogope: fundi hahitaji barua zako ili kutengeneza feni.

Tano, usitoe neno lako la siri. Fundi akihitaji kuingia, mfungulie akaunti ya muda isiyo na kitu ndani yake. Ikiwa umelazimika kutoa neno lenyewe, libadilishe kabla na baada.

Sita, soma stakabadhi kabla ya kutia sahihi. Andika juu yake kwa mkono: "Diski isifutwe wala kubadilishwa kabla ya kuniarifu kwa simu." Maneno hayo hayatazishinda herufi ndogo za nyuma, lakini yatamfanya fundi asimame na kupiga simu.

Ikiwa haiwaki kabisa

Hapa ndipo mimi nilipokosea. Mashine isiyowaka haimaanishi kwamba diski yake imekufa. Mara nyingi ni chaja, betri au ubao. Fundi mzuri wa Kayanga au Omurushaka aweza kuifungua mbele ya macho yako, akachomoa diski, akaitia katika kasha la nje la bei nafuu, na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Kazi hii haichukui muda mrefu. Uliza tu kwanza kama kufunguliwa na fundi asiye wa mtengenezaji kutaiharibu dhamana, kisha pima: kipi ni ghali zaidi, dhamana iliyobaki miezi mitatu au kazi ya miezi saba? Ningalijiuliza swali hilo mwaka 2018, pengine mashamba yale yangalikuwa na kumbukumbu hadi leo.

Diski ya sumaku ikilia kwa kugonga, iache. Kila unapoiwasha kichwa chake kinakwaruza mahali papya. Na programu za kurudisha maandishi yaliyopotea zisiwekwe kamwe katika diski ile ile inayookolewa, kwani zitakalia nafasi ya kile unachokitafuta.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba

Katika nchi ya milima yenye misimu miwili ya mvua, adui mkubwa wa ubao mkuu ni radi. Si lazima ipige nyumba. Ikipiga karibu na nguzo, msukumo wa umeme husafiri katika waya hadi chajani. Chaja nyingi za kompyuta zimeandikwa kwamba hustahimili volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme hafifu wa jioni hauziui; kinachoua ni ule mruko wa ghafla, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. Kanuni haina gharama: wingu likinguruma, au umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Mashine ina betri yake.

Betri nayo yataka kuangaliwa. Betri za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kuwapatia wagunduzi wake watatu Tuzo ya Nobel mwaka 2019, zikichakaa huweza kuvimba. Ukiona kibodi imeinuka au mfuniko hautulii, acha kuichaji, usiitoboe, wala usiitume katika mizigo ya basi. Yaweza kuwaka moto. Vumbi la kiangazi nalo huziba feni, na joto likizidi huchakaza kila kitu polepole. Kuisafisha mara moja kwa mwaka kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa, ni kazi ya nusu saa.

Hitimisho

Mtengenezaji ameahidi kukurudishia chombo, na mara nyingi hutimiza ahadi yake. Lakini hakuahidi, wala hawezi kuahidi, kukurudishia ulichokiandika humo. Ahadi hiyo ni ya kwako wewe uliyepokea majina, maksi, kilo na maradhi ya watu, nayo hutimizwa kabla ya kosa kutokea. Jioni ya leo, kabla ya kuizima mashine, nakili kazi yako mahali pawili, ufungue nakala na kuisoma, kisha uandike ufunguo katika karatasi.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Nkwenda kwa yule mama. Safari hii nilikuwa na daftari, na flashi mbili katika mifuko miwili tofauti. Alinieleza upya, kwa subira, habari za migomba aliyokwisha kuing'oa. Miaka alikuwa ameisahau kidogo, na idadi ya mashina alikisia tu. Niliyaandika yote kama alivyosema, na pembeni nikaandika kwamba ni ya kukisia. Hakuna fundi awezaye kuyarudisha yale ya kwanza.